Kuzuia Jua Bila Kuzuia Nuru

Matangi mengi ya maji yanayoonekana juu ya mapaa ya Dar es Salaam, Mombasa na Kisumu ni meusi, na weusi huo si urembo. Ndani ya plastiki yake mna masizi. Si masizi ya chunguni, bali ya kiwandani, yanayopatikana kwa kuunguza mafuta mazito katika hewa haba. Mabomba meusi ya maji nayo yana masizi hayohayo. Viwango vya kimataifa vinataka yawe kati ya asilimia 2 na 2.5 ya uzito wa bomba, na chembe zake ziwe ndogo kiasi cha nanomita 25 au chini ya hapo, yaani chembe 40 zikipangwa mstari mmoja zifikie maikroni moja tu. Kwa maneno mengine, kabla teknolojia ya nano haijawa gumzo la makongamano, fundi bomba alikuwa tayari anaibeba begani.

Masizi hufanya kazi yake vizuri kwa sababu hayachagui. Humeza miale ya urujuanimno, humeza mwanga unaoonekana, humeza joto. Kwa tangi hilo ni jambo jema: plastiki haipasuki, na kwa kuwa ndani ni giza, mwani hauoti majini. Shida huanza pale plastiki inapotakiwa kupitisha nuru. Utando wa kitalu nyumba, bati la plastiki la kuleta mwanga sebuleni, chupa ya mafuta ya kula, kifuniko cha paneli ya sola, karatasi ya kioo cha gari: vyote hivi vinatakiwa kuzuia miale iliyo chini ya nanomita 400 na kuiachia iliyo kati ya 400 na 700, ambayo ndiyo macho yanaiona na ndiyo mimea inaitumia kujitengenezea chakula. Tena vifanye hivyo kwa miaka, bila kugeuka manjano wala kubanduka.

Kwa miongo kadhaa sasa jibu linalotajwa zaidi ni kupaka au kuchanganya plastiki na chembe za nano za madini, hasa oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Anayefuatilia suala hili kwa makini hugundua jambo moja mapema: unga wenyewe si siri wala si ghali. Ugumu wote uko pale chembe inapogusana na plastiki.

Adui ni mdogo, ila ana nguvu

Urujuanimno ni takriban asilimia tano tu ya nishati ya jua inayofika ardhini. Ile hatari zaidi, ya chini ya nanomita 280, humezwa yote na angahewa. Sehemu kubwa ya ile ya kati, ya nanomita 280 hadi 315, huzuiwa na ozoni. Inayobaki, kwa asilimia 95 hivi, ni ile ya nanomita 315 hadi 400. Fotoni moja ya nanomita 350 ina nishati inayokaribiana na ile inayofunga kaboni kwa kaboni, na plastiki ni minyororo mirefu ya kaboni.

Polietilini safi kabisa isingedhurika sana, kwa kuwa haimezi miale hiyo. Lakini hakuna kiwanda kinachotoa polietilini safi kabisa. Hubaki masalia ya vichocheo, na joto la mashine huacha vikundi vya kaboni na oksijeni hapa na pale kwenye mnyororo. Vikundi hivyo ndivyo vinavyonasa mwale, vinavunjika, vinazaa radikali huru, radikali zinadaka oksijeni ya hewani, na mnyororo unakatika tena na tena. Mkulima haoni kemia hiyo. Anachoona ni nailoni iliyopauka, inayokwaruza mkononi, na inayochanika kwanza pale inapolalia bomba la chuma lililopata joto.

Afrika Mashariki iko mahali pabaya kwa jambo hili. Jua hupita utosini, tabaka la ozoni juu ya Ikweta ni jembamba kuliko lilivyo kwenye nchi za baridi, na nyanda za juu huongeza makali: urujuanimno hupanda kwa takriban asilimia kumi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ziwa Naivasha, palipojaa mashamba ya waridi yaliyoezekwa plastiki, liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Utando uliodumu Uholanzi kwa miaka mitano haujaahidi chochote Naivasha.

Kinga ya kawaida imekuwa dawa za kikaboni zinazochanganywa na plastiki kiwandani. Kundi la kwanza, kama benzofenoni na benzotriazoli, humeza mwale na kuutoa kama joto. Kundi la pili, amini zinazojulikana viwandani kwa kifupi cha HALS, halimezi mwale; linawinda radikali kabla hazijasambaa. Dawa hizi ni nzuri na bado ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi duniani. Kasoro yake ni kwamba molekuli ni ndogo. Husafiri polepole hadi juu ya plastiki, huoshwa na mvua, nyingine huvukizwa na joto, na zinazobaki huchoka. Miaka ya 1980, katika mtambo wa sola wa Carrisa Plains huko California, ambako vioo viliongezwa ili kuzidisha mwanga, plastiki iliyofunika seli za paneli iligeuka kahawia baada ya kinga yake kuisha.

Kuna pia suala la mazingira. Mei 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka UV-328, mojawapo ya benzotriazoli hizo, kwenye orodha ya kemikali zinazotakiwa kukomeshwa, kwa kuwa haiozi upesi, hujilimbikiza mwilini mwa viumbe na husafiri mbali na mahali ilipotumika. Uamuzi huo uliwapa watengenezaji wa plastiki sababu mpya ya kutazama upande wa madini, ambayo hayavukizwi wala hayahami.

Gramu moja kwa mita ya mraba

Oksidi ya zinki, dioksidi ya titani na oksidi ya seri ni nusu kipitishi. Kila moja ina pengo la nishati ambalo elektroni haiwezi kulivuka mpaka ipewe msukumo wa kutosha. Mwanga wenye nishati pungufu hupita kana kwamba hakuna kitu. Wenye nishati ya kutosha humezwa. Pengo la oksidi ya zinki ni elektroni volti 3.3 hivi, sawa na mwanga wa nanomita 375. Titani yenye umbo la anatasi hukata kwenye nanomita 388, na yenye umbo la rutili kwenye 413. Ndiyo maana vitu hivi huzuia urujuanimno na kuachia nuru: mpaka wake uko karibu kabisa na mpaka wa macho yetu.

Kiasi kinachohitajika kinashangaza. Katika nanomita 350, oksidi ya zinki humeza mwanga kwa nguvu kiasi kwamba unene wa nanomita 65 hupunguza miale hadi theluthi na zaidi kidogo. Unene wa nanomita 200 huacha ipite chini ya asilimia tano. Tabaka la nanomita 200 juu ya mita moja ya mraba lina uzito wa gramu 1.1. Kitalu nyumba cha mita 8 kwa 30, kinachohitaji utando wa kama mita za mraba 350 kwa paa na kuta, kingetosheka na chini ya nusu kilo ya unga, ilhali plastiki yake yenye unene wa maikroni 200 ina uzito wa kilo 64. Ikiwa unga umetawanywa kwenye gundi kwa asilimia kumi ya ujazo, mpako wote ungekuwa na unene wa maikroni mbili.

Hesabu hiyo ina sharti moja zito: kila chembe ikae peke yake.

Chembe hutawanya mwanga kulingana na ukubwa wake na tofauti kati ya inavyopinda mwanga na jinsi plastiki inavyoupinda. Kwa uzito uleule wa unga, kipenyo cha chembe kikiongezeka maradufu utawanyaji huongezeka mara nane. Rutili hupinda mwanga kwa kiwango cha 2.7, polietilini 1.5. Kwa hiyo dioksidi ya titani yenye chembe za nanomita 200 hadi 300 ndiyo inayofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe pe, wakati kemikali hiyohiyo ikiwa na chembe za nanomita 20 haionekani. Lakini chembe za nanomita 20 hazipendi upweke. Eneo la uso wake ni kubwa mno kwa ujazo wake, hivyo huvutana na kushikamana kuwa madonge ya nanomita 500 au zaidi, kama unga wa ugali uliomwagwa wote kwa mkupuo kwenye maji ya moto. Madonge yakishaundwa, mwekezaji amelipia nano na kupata chokaa: utando mweupe unaotawanya nuru na kuacha mianya ambayo urujuanimno hupita.

Kuyavunja madonge ni kazi ya nguvu na ya kemia kwa pamoja. Unga hupitishwa kwenye kinu chenye shanga za zirkonia zenye kipenyo cha sehemu ndogo ya milimita, huku ukiongezwa molekuli za kuzifunika chembe zisirudiane. Zinazopendwa zaidi ni silani, ambazo ncha yake moja hushika oksidi na nyingine huelewana na plastiki. Bila hatua hiyo, kinu kikisimama tu, chembe huanza kukumbatiana upya.

Kinga inayomla mwenyeji

Mwaka 1972 wanasayansi wa Japani Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba dioksidi ya titani ikimulikwa ndani ya maji inaweza kuyapasua kuwa hidrojeni na oksijeni. Hapo ndipo ulipozaliwa utafiti mkubwa wa vichocheo vya mwanga. Elektroni ikisharuka pengo lake, huacha nyuma nafasi yenye njaa ya elektroni. Jozi hiyo ikifika kwenye uso wa chembe, hutengeneza radikali kutoka kwenye maji na oksijeni, na radikali hizo hushambulia chochote cha kikaboni kilicho karibu.

Juu ya kioo hilo ni neema. Kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilianza kuuza mwaka 2001 kioo cha dirisha kinachojisafisha, chenye ngozi nyembamba ya anatasi inayounguza uchafu kwa msaada wa jua. Kioo hakina kaboni ya kuliwa. Plastiki ni kaboni tupu. Anayepaka anatasi moja kwa moja juu ya polietilini ameweka mlinzi anayezuia miale kwa mkono mmoja na kubomoa ukuta kwa mkono wa pili. Wanaotaka mifuko ioze haraka wamewahi kujaribu kuchanganya titani na plastiki kwa lengo hilohilo.

Mtego huu huwanasa hata waliosoma. Unga wa titani unaojulikana zaidi maabara duniani ni P25, wenye chembe za nanomita 21 hivi, takriban robo tatu hadi nne kwa tano zikiwa anatasi. Unapatikana kirahisi na umeandikwa kwenye maelfu ya makala, kwa hiyo mwanafunzi anayeanza huuagiza. Sifa yake kubwa ni ukali wa kuchochea, yaani sifa ambayo utando wa kukinga hauitaki kabisa. Utando huo utapendeza kwenye kipimo cha siku ya kwanza, kisha utaanza kutoa unga, kama rangi ya zamani ya ukutani inayobaki kwenye kiganja cha anayeupapasa.

Dawa yake inajulikana: kuchagua rutili, ambayo ni tulivu zaidi, na kuivika kila chembe koti la silika au alumina lenye unene wa nanomita chache. Koti huruhusu mwanga uingie lakini hutenganisha uso wa chembe na plastiki. Oksidi ya zinki nayo ni kichocheo na huhitaji koti. Oksidi ya seri haina ukali huo, ila ina umanjano kidogo, na imepata nafasi zaidi kwenye vanishi za mbao, ambako umanjano hausumbui.

Njia nne za kuivalisha plastiki

Njia ya kwanza haipaki chochote. Chembe huchanganywa kwa wingi kwenye plastiki na kukatwa kuwa punje zilizokolezwa. Punje hizo huongezwa kidogokidogo kwenye mashine ya kupuliza nailoni. Mashine za kisasa hupuliza matabaka matatu, matano au hata saba kwa pamoja, hivyo chembe zinaweza kuwekwa kwenye tabaka la nje peke yake, pale zinapohitajika. Hakuna kubanduka, kwa sababu hakuna kilichobandikwa.

Njia ya pili ni mpako wa maji au gundi. Hapa kikwazo ni polietilini yenyewe, ambayo haishikwi na kitu kirahisi. Tone la maji juu yake hukaa kama shanga. Ndipo utando hupitishwa chini ya cheche za umeme zinazochoma uso wake kidogo na kuupa vikundi vya oksijeni vya kushikia. Kisha rola lenye vishimo vidogo hupaka mchanganyiko wa akriliki au poliurethani wenye chembe, na tanuri hukausha. Wengine hukausha kwa taa za urujuanimno, na hapo hujitokeza mkanganyiko wa kuchekesha: mpako ulioundwa kuzuia urujuanimno unatakiwa ukaushwe na urujuanimno. Suluhisho limetokana na udhaifu wa oksidi ya zinki. Kwa kuwa inaachia kuanzia nanomita 375 kwenda juu, viwanda hutumia vianzishi vinavyoamshwa na taa za nanomita 395 au 405, na mwanga huo hupenya hadi chini.

Njia ya tatu hutengeneza oksidi papo hapo kutoka kwenye kimiminika. Asetati ya zinki ikiyeyushwa kwenye ethanoli na kuongezwa alkali, huzaa chembe za nanomita chache zinazoweza kupakwa kabla hazijashikamana. Kwenye kioo, mpako huo hukomazwa kwa nyuzi 400. Polietilini ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 110, kwa hiyo njia hii imefaa zaidi polyesta ya PET, inayostahimili nyuzi 150 hivi bila kujikunja.

Ya nne hufanyika ndani ya ombwe. Tabaka la oksidi hujengwa atomu kwa atomu, ama kwa kuirushia shabaha ya chuma ayoni, ama kwa mbinu aliyoibuni Tuomo Suntola huko Finland miaka ya 1970, iliyompatia Tuzo ya Teknolojia ya Milenia mwaka 2018. Katika mbinu hiyo gesi ya zinki na mvuke wa maji huingizwa kwa zamu, na kila mzunguko huongeza takriban nanomita 0.2. Kufikia nanomita 200 ni mizunguko elfu moja. Matokeo ni tabaka safi lisilo na madonge wala gundi. Gharama yake inaweza kubebwa na skrini ya simu au seli ya sola. Nailoni ya nyanya haiwezi.

Mafundi wa mapaa wanaijua tofauti kati ya tabaka na mwili bila kuhitaji maelezo ya maabara. Mabati ya polikaboneti huja yamefunikwa karatasi nyembamba ya plastiki yenye maandishi kwamba upande huu utazame juu. Kinga yote iko upande huo mmoja, kwenye tabaka la makumi machache ya maikroni. Fundi akibandua karatasi mapema, akachanganya pande na kupigilia bati kinyume, polikaboneti itageuka manjano na kuvunjika kirahisi kwa mvua ya mawe, ingawa mwenye nyumba alinunua bidhaa halali kwa bei halali.

Tochi ya noti inadanganya

Madukani kuna kipimo cha mtaani cha kujua kama nailoni ina kinga: huwekwa kati ya tochi ya kukagulia noti na karatasi nyeupe au noti. Kama mng'ao wa buluu unatoweka, nailoni ni nzuri. Wazo ni sahihi, kwa kuwa mng'ao hutokana na urujuanimno. Tatizo ni taa. Tochi nyingi za bei nafuu hutoa mwanga wa nanomita 395, na utando wa oksidi ya zinki unaokata kwenye 375 huuachia upite wote. Nailoni nzuri itaonekana feki. Kwa tochi ya nanomita 365 jibu hubadilika. Hata hivyo, tochi husema hali ya leo tu. Haisemi chochote kuhusu mwaka wa tatu.

Vipimo vya kuaminika hufuata mambo manne. Spektrofotomita huonyesha ni kiasi gani cha kila urefu wa mwale kinapita. Kipimo cha utusitusi hufichua madonge. Mkanda wa gundi ukibandikwa juu ya mpako uliochanjwa mistari ya msalaba na kuvutwa kwa nguvu hufichua mshiko. Mwisho, vipande huwekwa kwenye kabati la taa na unyevu kwa mamia au maelfu ya saa, kisha huvutwa mpaka vikatike. Utando unaovutika nusu tu ya ulivyovutika ukiwa mpya huhesabiwa kuwa umekufa, hata kama kwa macho bado unang'aa.

Nani anautaka urujuanimno?

Mjadala wa vitalu nyumba hauishii kwenye uhai wa plastiki. Wakulima wa waridi jekundu hutafuta utando unaozuia urujuanimno kwa sababu ya ua lenyewe: miale hiyo, ikisaidiwa na baridi ya usiku wa nyanda za juu, hufanya ncha za petali ziwe nyeusi, na ua jeusi halipiti mnadani. Faida ya pili ni wadudu. Miaka ya 1990 Yehezkel Antignus na wenzake katika Taasisi ya Volcani ya Israeli walionyesha kwamba chini ya tando zinazomeza urujuanimno, inzi weupe na wadudu wengine waharibifu hupungua, na virusi vya nyanya wanavyoeneza hupungua pia, kwa sababu wadudu hao hutumia miale hiyo kujielekeza. Baadhi ya kuvu, wakiwemo wanaosababisha ukungu wa kijivu kwenye maua, huhitaji urujuanimno ili watoe mbegu zao.

Upande wa pili wapo wanaoudai. Nyuki huona urujuanimno, na jicho lake lina vipokezi vyenye hisia kali zaidi karibu na nanomita 344. Utando unaokata kwenye 375 humnyima mlango huo wote. Kwa waridi si hoja. Kwa tikitimaji au boga linalotegemea nyuki ni hasara. Biringanya nayo hupauka, kwa kuwa aina nyingi huhitaji miale hiyo ili zipate zambarau yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama nailoni ina kinga, bali inakata kwenye nanomita ngapi.

Kisha kuna salfa. Mashamba ya waridi huivukiza usiku ili kudhibiti ubwiri unga, na mvuke huo pamoja na unyevu huzaa asidi. Asidi huziua HALS. Oksidi ya zinki huidaka asidi hiyo na kuzilinda HALS, lakini kwa kufanya hivyo hugeuka salfeti ya zinki, ambayo huyeyuka kwenye maji na kutiririka. Mpako wa maikroni mbili ulio ndani ya kitalu hauna akiba ya kutosha kwa vita hivyo. Chembe zilizozama kwenye tabaka la plastiki, zikiwa na koti la silika, zina nafasi nzuri zaidi.

Kwenye vifungashio ahadi ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Maziwa huharibiwa na mwanga kupitia vitamini B2, ambayo humeza urujuanimno na pia mwanga wa buluu karibu na nanomita 445. Utando angavu hauwezi kuuzuia mwanga huo bila kuacha kuwa angavu. Kwa maziwa, rangi nyeupe nzito au tabaka jeusi lililofichwa katikati ya pakiti bado linaishinda nano.

Usalama na taka

Hatari kubwa zaidi iko kiwandani, kwa anayefungua mfuko wa unga. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka dioksidi ya titani kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, likitegemea majaribio ya wanyama waliovuta vumbi lake. Chembe zikishafungwa ndani ya plastiki hali ni tofauti. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipochunguza oksidi ya zinki ya nano kwenye plastiki za chakula mwaka 2016, ilieleza kwamba chembe zenyewe hazihami; kinachoweza kutoka ni zinki iliyoyeyuka. Zinki hiyo nayo si ya kupuuzwa, maana ni sumu kwa viumbe wa majini, na mashamba mengi ya maua yako kandokando ya ziwa.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini plastiki za kilimo hazikuguswa kwa namna hiyo. Hapo ndipo muda wa kuishi wa utando unapokuwa hoja ya mazingira. Kitalu kilekile cha kilo 64, kikibadilishwa nailoni kila baada ya miaka mitatu, huzalisha kilo 320 za taka kwa miaka 15. Kikibadilishwa kila baada ya miaka mitano, ni kilo 192.

Kwa kuyapima yote haya, mpako si jibu la kila mahali. Kwa nailoni ya shamba, inayopigwa upepo, kukunjwa na kufukizwa salfa, chembe zilizofichwa kwenye tabaka la nje zina uwezekano mkubwa wa kudumu kuliko ngozi ya maikroni mbili. Mpako unastahili gharama yake kwenye PET, polikaboneti, karatasi za vioo na paneli za sola, ambako msingi ni mgumu, bidhaa ni ghali na uso ni laini.

Kwa viwanda vya ukanda huu, mipango ya teknolojia ya nano mara nyingi huanzia kwenye madini. Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba ilmenaiti, rutili na zirkoni kuanzia 2013 hadi mgodi ulipofungwa Desemba 2024, na madini hayo yalipakiwa melini Likoni yakiwa malighafi. Lakini hesabu ya gramu moja kwa mita ya mraba inaonyesha kwamba madini si kizuizi. Thamani iko kwenye koti la silika, kwenye silani na kwenye kuvunja madonge, kazi ambazo zinahitaji wakemia na vinu vidogo kuliko migodi. Mashine kubwa zaidi zipo tayari: wapuliza nailoni wa Nairobi na Dar es Salaam hutumia punje zilizokolezwa kila siku, na wachapaji wa pakiti za biskuti na krispi wana cheche za umeme, rola zenye vishimo na tanuri za kukaushia.

Kinachokosekana ni takwimu za hapa. Saa za kabati la taa huko Ulaya haziigi Naivasha yenye salfa, wala Tanga yenye chumvi ya bahari. Fremu za mbao zilizoelekezwa juani, vipande vya tando zinazouzwa sokoni vikiwa vimebandikwa juu yake, na spektrofotomita ya chuo inayovipima kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili vingempa mnunuzi namba ambazo lebo ya mwagizaji haina.